Jinsi ya kupanga siku nzima ya kupanda rolakosta na wenzako, na jioni bado mnataka tena

Wadau, hii ni kwa yeyote mwenye wenzake watatu, wanne, hata kumi wanaopenda rolakosta kama yeye, yale matreni ya kwenye bustani za michezo yanayopanda na kuporomoka kwa kasi (mimi nayaita pia mashine), na wanataka kwenda pamoja. Siongelei ile ya kupanda moja jioni alafu mnaondoka, naongelea siku nzima, toka geti linafunguliwa mpaka wanaanza kuzima taa. Siku kama hizi nimezipanga nyingi, zingine zilikuwa tamu sana na zingine zilituvurugikia, na kitu kikubwa nilichojifunza nakiweka hapa mwanzoni kabisa: msikimbizane na idadi. Chagueni rolakosta moja au mbili ambazo ndo za siku hiyo, mzipande asubuhi, mzipande mchana, mzipande usiku, mbele, nyuma, katikati, alafu kila mkishuka muongee mwili umesikia nini. Nimeshawahi kuwa na siku ya mashine 12 na leo siwezi kukuambia ya saba ilikuwa inakata kona wapi, ila ile niliyoirudia mara 6 siku moja na wenzangu naweza kukuchorea reli yake yote nikiwa nimefumba macho.

Tuanze kabla ya kutoka nyumbani. Siku nzuri ni ya katikati ya wiki wakati shule zimefunguliwa, na kama kuna wingu kidogo ndo vizuri zaidi maana watu wengi wanaogopa mvua wanabaki kwao. Wiki moja kabla ingieni kwenye tovuti ya bustani ya michezo muangalie mashine gani ziko kwenye matengenezo, alafu asubuhi ya siku yenyewe muangalie tena. Hili watu wanalidharau sana, mtu anasafiri mbali kwa ajili ya mashine moja anafika anakuta imefungwa. Na kama kuna mashine unaiota kwa miaka usiseme ipo tu nitaenda, hazikai milele. Kingda Ka ya Six Flags Great Adventure kule New Jersey ilifunguliwa 2005, mita 139 kwenda juu, ndo ilikuwa ndefu kuliko zote duniani kwa miaka mingi, ikafungwa 2024 na mwaka uliofuata mnara wake ukaangushwa. Kuna watu walikuwa wanasema mwakani, mwakani, mpaka ikaondoka.

Angalieni na urefu wa mwili unaoruhusiwa kwa kila mashine, nyingi kubwa zinataka kuanzia kama sentimita 120 mpaka 140 hivi kutegemeana na mashine, kwaiyo kama kuna mdogo wenu mnaenda nae mpimeni nyumbani kabisa akiwa na viatu atakavyovaa, maana mtoto akikatazwa mlangoni baada ya kusubiri saa nzima anaumia na nyie wote siku inawaharibikia. Kwa mwenye mwili mkubwa pia, bustani nyingi zinaweka siti ya majaribio pale mwanzo wa foleni, kaa hapo ujaribu chuma cha kukushikilia kifunge kabla hujapanga foleni, hakuna aibu yoyote na ni bora ujue mapema kuliko kujulia juu kwenye stesheni, pale pa kupandia treni. Mwenye mimba, mwenye matatizo ya moyo, shingo au mgongo, aliefanyiwa upasuaji juzijuzi, huyo asipande hata kama grupu zima linamuita. Vile vibao vya mlangoni visomwe, havikuwekwa kama pambo.

Kuhusu grupu lenyewe, ushauri wangu muwe namba shufwa. Siti nyingi za rolakosta ni mbilimbili, mkiwa watano kila mzunguko kuna mmoja anakaa na mtu asiemjua, na msipopanga zamu utakuta ni yule yule mpole kila saa. Wanne ni tamu sana, sita au nane bado mnaenda vizuri, mkizidi hapo gawaneni mara mbili alafu mkutane kwenye chakula. Na kabla hamjaingia kubalianeni sehemu ya kukutana na saa za kukutana, mahali panapoonekana kwa mbali kama mnara wa saa au ile gurudumu kubwa, kwasababu simu zitakuwa kwenye makabati nusu ya siku. Tuliwahi kuwa tisa, hatukupanga chochote, baada ya mashine ya pili tukapotezana, wengine wanasubiri mlango wa kuingilia wengine wa kutokea, na tukapoteza karibu saa mbili kutafutana wakati foleni za asubuhi zikiwa fupi. Siku ile iliniuma sana, toka hapo hilo la sehemu ya kukutana ndo la kwanza kwenye orodha yangu.

Vitu vya kubeba viwe vichache. Suruali au kaptula yenye zipu mfukoni, viatu vya kufunga kamba, kamba ya kushikilia miwani nyuma ya kichwa, maji, losheni ya jua, koti jepesi la mvua na pawabenki. Simu ikitoka mfukoni kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa inakuwa jiwe, inaweza kumvunja mtu uso siti ya nyuma au kumuangukia mtu chini, ndo maana pale Cedar Point, bustani ya michezo kule Ohio, Marekani, ilifika mahali wakakataza simu hata kwenye foleni ya rolakosta yao ya Steel Vengeance. Kwaiyo ile hamu ya kujirekodi ukiwa unaporomoka iacheni kabisa. Ukitaka kumbukumbu mmoja wenu abaki chini apige picha, mbadilishane.

Haya, geti. Fikeni dakika 45 kabla halijafunguliwa, tiketi mkononi, msala mmeshaenda, na mjue tayari mnaelekea wapi. Hapa ndo wengi wanakosea. Kila mtu akiingia anakimbilia ile kubwa inayoonekana toka barabarani, nyie msifanye hivo, nendeni kwanza kwenye ile inayobeba watu wachache kwa saa hata kama sio ya kutisha. Sababu ni hesabu tu. Rolakosta kubwa kama Millennium Force ya Cedar Point hiyohiyo ina treni tatu, kila treni watu 36, foleni yake inaweza kuonekana ndefu sana lakini inatembea. Ila zile zenye vigari vidogo vya watu wanne wanne, foleni yake saa nne asubuhi dakika 10, saa saba mchana inakula saa moja na nusu na haisogei. Maliza hizo mapema, alafu kubwa mtazikuta tu.

Na jifunzeni kuhesabu foleni wenyewe, msiamini sana ule ubao wa dakika. Simama uangalie treni zinaondoka kila baada ya muda gani. Tuseme treni ina siti 24 na inaondoka kila dakika 2, hiyo ni treni 30 kwa saa, yaani watu 720. Kama mbele yenu kuna watu kama 360 basi mtasubiri nusu saa. Mkifika mkakuta siku hiyo inaendeshwa treni moja badala ya mbili, hao watu wa kwa saa wagawanye nusu, yaani kusubiri kunakuwa mara mbili, na muamue kama mnabaki au mnarudi baadae. Hii hesabu ya dakika moja imetuokolea masaa mengi sana, na mkishaizoea mnaanza kuifanya hata bila kuongea, mnaangaliana tu mnajua tunabaki au tunasepa.

Foleni nazo zina utamu wake mkiwa na wenzenu wanaopenda kitu hiki. Angalieni mashine inavyofanya kazi, ndo muda wake. Ile tok tok tok wakati treni inavutwa na mnyororo kwenda juu, hicho ni chuma kinachodakia meno kwenye reli, mnyororo hata ukikatika treni hairudi nyuma. Angalieni kitanzi cha kichwa chini, muone kwamba sio duara, kimekaa kama tone la maji, chini kipana juu kimebana. Zamani walijaribu duara kamili, ile Flip Flap Railway ya Coney Island, New York, mwaka 1895, watu wakawa wanaumia shingo kwasababu treni ikiingia tu kwenye duara uzito unakupiga wote kwa mkupuo. Wabunifu wa rolakosta Werner Stengel na Anton Schwarzkopf ndo wakaja na Revolution mwaka 1976 pale Magic Mountain, California, yenye umbo hilo la tone, na toka hapo kitanzi kikawa kitu cha kawaida. Mwambie hivo mtu anaepanda mara ya kwanza huku mko foleni, utaona woga unapungua na macho yanaanza kuangalia.

Sasa siti, na hapa naomba mnisamehe nitaongea sana maana ndo roho ya siku nzima.

Treni moja, reli moja, lakini siti ya mbele na ya nyuma ni mashine mbili tofauti. Ukikaa mbele unavuka kilele taratibu, unaning'inia unaangalia chini wakati nyuma yako treni bado inapanda, hakuna kitu mbele yako, ni upepo na hewa tu. Ukikaa nyuma kabisa ni kinyume chake, mpaka wewe unafika kileleni ile mbele yote imeshaanza kuanguka na inakuvuta, kwaiyo unavuka kilele kwa kasi kubwa zaidi na mwili unanyanyuka toka kwenye siti unahisi umetupwa. Watu wengi wakipanda mara moja wanasema hii mashine ya kawaida, kumbe walikaa katikati. Gawaneni, wawili mbele wawili nyuma, mzunguko unaofuata mbadilishane, alafu mkishuka mkae chini muulizane kile kilima cha tatu umesikia nini. Nakuhakikishia mtabishana, na mabishano hayo matamu kuliko kitu chochote siku ile.

Ule mnyanyuko wenyewe, ambao sisi tunauita eataimu, unatokea hivi: treni ikipanda kilima kwa kasi mwili wako unataka kuendelea kwenda juu kama mpira uliorushwa, ila reli inainama kwenda chini haraka kuliko mwili unavyotaka, kwaiyo unabaki hewani na chuma cha mapajani ndo kinakurudisha. Na treni nayo inataka kuruka! Inashikiliwa na magurudumu yaliyo chini ya reli, ubunifu wa John Miller ambao alipewa hataza yake 1919, ndo uliofungua mlango wa milima mikali. Ile Leap-The-Dips ya Pennsylvania, ya mwaka 1902, kongwe kuliko zote zilizobaki, haina magurudumu hayo ya chini, ndo maana vilima vyake ni vya upole. Kama mnataka kuelewa rolakosta zimetoka wapi pandeni kongwe na mpya ndani ya safari moja, mtaisikia tofauti mwilini bila kusoma popote.

Ili uisikie eataimu vizuri kaa mpaka nyuma kabisa ya siti, makalio yashike mgongo wa siti, chuma kishuke kikae kwenye mapaja sio tumboni, kigusane na wewe vizuri, alafu legeza mwili. Mhudumu akija kukikagua muache akague, usijipanue tumbo ili kikae juu, hiyo michezo ni ya hatari na haina faida yoyote. Mikono juu au chini ni wewe tu. Ila kwenye rolakosta za mbao shikilia na kichwa kikae sawa, angalia mbele reli inakoelekea ili kona isikukute hujajiandaa. Na za mbao zina siri moja: kama behewa lina mistari mitatu ya siti, kaeni mstari wa katikati, maana mistari ya mbele na nyuma inakaa juu ya magurudumu na ndo inayorusharusha. Kuna mtu nilikuwa naenda nae alishaapa hapandi tena za mbao, zinamuumiza mgongo, nikamkalisha mstari wa katikati tu na sa hizi yeye ndo anatuburuza kwenda.

Kwenye mashine zenye mporomoko mkubwa unaoishia na kona kali unaweza kuona macho yanaanza kuwa kijivu pembeni. Ni damu inashuka toka kichwani. Kaza mapaja na tumbo kabla hujafika chini na pumua kwa nguvu, itapita. Ikikutokea kila mzunguko pumzika, kunywa maji, na kama hujala kitu nenda kale. Kuhusu kula, kula kidogo kidogo siku nzima, sio mlo mmoja mkubwa saa saba alafu ukajirushe kichwa chini, na baada ya kula kaeni dakika 40 hivi au pandeni kitu cha upole. Tangawizi inasaidia kichefuchefu kwa wengi. Mwenzenu akisema tumbo limechafuka msimcheke wala msimsukume, kaeni nae kivulini. Hilo ni pamoja na anaeogopa. Kumbembeleza mtu kwa masihara mpaka apande kitu asichotaka kunaweza kumfanya asirudi tena maisha yake yote, wakati ukimuacha akaangalia mizunguko mitatu akiwa chini mara nyingi anakuja mwenyewe.

Nataka kusema na kuhusu wahudumu, maana sisi wapenzi tuna tabia ya kujifanya tunaijua mashine kuliko wao. Reli ya rolakosta imegawanywa vipande na kila kipande kinaruhusiwa treni moja tu kwa wakati, kwaiyo nyie mkichelewa kukaa na kufunga mikanda stesheni, treni ya nyuma yenu inasimama kwenye breki na foleni nzima inachelewa. Kaeni haraka, mikanda fungeni, simu zimeshahifadhiwa, na siti ya mbele ulizeni kwa adabu, wakikataa ni sawa. Treni ikisimama juu au mashine ikifungwa ghafla msiwapigie kelele. Pale Alton Towers, Uingereza, tarehe 2 Juni 2015 mfumo wa rolakosta ya The Smiler uliisimamisha treni kwasababu kulikuwa na treni tupu imekwama mbele, mafundi wakadhani mfumo umekosea wakauruka, treni zikagongana na watu wakaumia vibaya sana. Kwaiyo mashine ikigoma muiache igome. Wakisema dakika 40 za ukaguzi nendeni mkapande nyingine, mrudi.

Na foleni msishikiane nafasi. Mmoja anapanga alafu saba wanakuja kumdandia, sio haki kwa waliosimama jua kali na inatuharibia jina sote. Aliechelewa apande mzunguko unaofuata au atumie foleni ya mtu mmoja mmoja kama ipo, ile inaenda haraka ila ujue mtatenganishwa, mimi naitumia mchana foleni zikiwa mbaya, sio kwenye ile mashine tuliyokuja kuipanda pamoja.

Mchana toka saa sita mpaka saa tisa ndo muda mbaya, jua kali na watu wamejaa. Huo muda utumieni kwa chakula, kivuli, mashine zenye maji, maonyesho ya ndani, na kuandika. Ndiyo, kuandika. Wengi wetu tunahesabu rolakosta tulizopanda, kila mpya ni moja, na mimi nina daftari langu, ila naandika zaidi ya jina: siti gani, saa ngapi, hali ya hewa, nani alikuwa pembeni yangu. Kuna vyama vya wapenzi kabisa, kama American Coaster Enthusiasts kilichoanzishwa 1978, na vyama kama hivi huwa vinapatana na bustani wanachama wapande peke yao kabla ya kufungua au baada ya kufunga. Kama mnapata nafasi ya hivo msiikose, kushuka na kupanda tena papo hapo bila foleni, mara nne tano mfululizo, ndo unaielewa mashine kweli.

Alafu jioni rudini kwenye ile ya asubuhi. Grisi imepata moto, magurudumu yamepata moto, treni inakimbia kuliko ilivyokuwa saa nne, na hapo ndo mtafurahi kwamba mliipanda asubuhi maana mna cha kulinganisha. Kilima kile kile kilichokunyanyua kidogo sasa kinakutoa kabisa kwenye siti. Na usiku ni kitu kingine tena, huoni reli inakopinda, mwili unashtuka kila kona. The Beast pale Kings Island, Ohio, ya mwaka 1979, ni ya mbao na ndo ndefu kuliko zote za mbao, zaidi ya mita 2,200 za reli ndani ya msitu, na wanaoijua watakuambia mchana ni mashine nyingine na usiku ni nyingine.

Angalieni saa ya kufunga. Bustani nyingi aliyekwisha kuingia kwenye foleni kabla ya muda kuisha anaruhusiwa kupanda, muulizeni mhudumu mapema ili mjue, kwaiyo dakika 10 za mwisho grupu lote likutane pale mlangoni pa mashine yenu ya siku, muingie pamoja, na yule ambae hajakaa nyuma kabisa siku nzima mpeni hiyo siti.